Kusomea udaktari ng'ambo ukubwani: Hesabu huanzia Kilimani

MABANGO ya ofisi zinazowatafutia Wakenya nafasi za masomo ng'ambo yametapakaa katikati ya jiji la Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Kimathi Street. Udaktari ni miongoni mwa kozi zinazotangazwa sana, na mataifa yanayotajwa ni yale yale: China, Urusi, India na, kabla ya vita, Ukraine.

Wanaopanda ngazi za majumba hayo si vijana waliotoka Kidato cha Nne pekee. Wamo pia wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara na walimu wa sayansi waliokwisha kutimiza miaka 30, wengine 40. Ndoto ya udaktari iliwaponyoka walipokosa alama moja au mbili katika KCSE, au wazazi waliposhindwa na karo. Sasa wana mshahara, akiba kidogo, pengine na kipande cha ardhi, na wanajiuliza iwapo muda umewapita.

Kwa watu hawa, kupata nafasi si tatizo. Nafasi hupatikana, maadamu fedha zipo. Maswali mazito ni mawili: je, mtu akirejea na shahada yake ataandikishwa kuwa daktari nchini? Na akiandikishwa, atakuwa amebakiwa na miaka mingapi ya kuifanya kazi hiyo?

Mamlaka ya kulijibu swali la kwanza hayako kwa ajenti wala kwa chuo kinachotoa shahada. Chini ya Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lenye uwezo wa kumwandikisha mtu kuwa daktari Kenya. Hadi 2019 baraza hilo lilijulikana kama Bodi. Makao yake yako Woodlands Road, karibu na Lenana Road, mtaani Kilimani.

Kwa sadfa njema, Ubalozi wa China uko kwenye barabara hiyo hiyo ya Woodlands, na ule wa Urusi uko Lenana Road. Mtu anayepanda matatu nambari 46 kutoka katikati ya jiji na kushukia Hurlingham anaweza kufika kote kutatu kwa miguu na kumaliza shughuli zake kabla ya adhuhuri. Nauli ya safari hiyo ni kitu kidogo mno ikilinganishwa na ada ambayo ajenti hudai kabla hata ya barua ya chuo kufika. Yafaa pia ikumbukwe kwamba ajenti wengi hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hilo si kosa kisheria, lakini haliwezi kumfanya ajenti kuwa mshauri asiye na upande.

Jambo la kwanza la kuulizwa Woodlands Road ni iwapo chuo kinachokusudiwa kinatambuliwa na mamlaka ya udaktari ya nchi yake yenyewe, na iwapo shahada yake humpa mhitimu haki ya kupewa leseni ya kutibu huko huko ilikotolewa. Chuo ambacho wahitimu wake wa kigeni hawawezi kutibu hata katika nchi yao ya masomo ni chuo cha kutiliwa shaka. Ajenti hupenda kuonyesha kwamba jina la chuo limo katika orodha ya kimataifa ya vyuo vya udaktari kwenye intaneti. Orodha hiyo ipo kweli, lakini wenye kuichapisha wenyewe husema kwamba kuorodheshwa si kuidhinishwa.

Jambo la pili huwauma watu wazima zaidi kuliko vijana. Nalo ni cheti cha sekondari. Baraza limeweka viwango vya chini vya kujiunga na kozi ya udaktari, vinavyohusu biolojia, kemia, fizikia au hisabati, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Vyuo kadhaa vya ng'ambo hupokea wanafunzi bila kujali viwango hivyo. Anayekwenda kwa mlango huo anajiweka katika hatari ya kumaliza miaka sita ya masomo kisha kuulizwa habari za alama aliyoipata katika kemia miongo miwili iliyopita. Diploma na tajriba ya kazi zinaweza kumsaidia mwombaji, ila ni vyema aelezwe hivyo na Baraza lenyewe, kwa maandishi, kabla hajalipa karo. Maneno ya mdomo ya karani wa mapokezi hayatamfaa mtu miaka saba baadaye.

Kuna jambo la tatu ambalo halitajwi sana kwenye mabango, nalo ni mtihani. Waliosomea nje hulazimika kwa kawaida kufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi, yaani mwaka wa mafunzo ya hospitalini chini ya usimamizi. Si wote wanaofaulu mara ya kwanza. India, ambayo hupeleka maelfu ya vijana wake kusomea udaktari China, Urusi na nchi jirani na Urusi, ilianza mtihani wa aina hiyo mnamo 2002, na kwa miaka mingi waliofaulu katika kila kikao hawakufika hata robo ya waliofanya. Si kwamba wanafunzi hao wote walikuwa wajinga. Wengi walifundishwa darasani bila kuguswa na wodi.

Wodi ndiko kiini cha suala lenyewe kiliko. Vyuo vingi vya China na Urusi huwafundisha wageni kwa Kiingereza, jambo ambalo husomeka vizuri sana kwenye karatasi ya matangazo. Lakini mgonjwa aliyelazwa hasemi Kiingereza. Anasema Kichina au Kirusi, na pengine kwa lafudhi ya kijijini kwake. Mwanafunzi ambaye hakujifunza lugha hiyo barabara husimama nyuma ya kundi, akitazama profesa akizungumza na mgonjwa, kisha akapewa muhtasari wa dakika mbili. Kumhoji mgonjwa ndiyo silaha ya kwanza ya daktari. Vipimo huja baadaye. Muuguzi ambaye kwa miaka 10 amewahoji wagonjwa wa Kawangware na Kangemi kwa Kiswahili, Kikuyu na Kiluhya, akajua hata kimya chao kina maana gani, hujikuta amerudishwa kwenye ububu.

Isitoshe, magonjwa yenyewe hutofautiana. Katika hospitali kubwa ya mji wa China mwanafunzi anaweza kumaliza masomo bila kumwona mtoto mwenye malaria kali au utapiamlo. Akirejea nyumbani, uanagenzi wa miezi 12 humzungusha katika idara nne kuu: matibabu ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Katika hospitali za kaunti mwanagenzi hutarajiwa, baada ya kuelekezwa, kumzalisha mama kwa upasuaji usiku wa manane. Aliyekuwa mtazamaji tu kwa miaka sita hugundua hapo kwamba vyeti na mikono ni vitu viwili tofauti. Kwa upande huu afisa wa kliniki au muuguzi aliyekomaa kazini ana nafuu kuliko kijana, maana mikono yake ilishazoea. Udhaifu wake uko mwanzoni mwa kozi, katika kemia ya mwili na anatomia, ambako anashindana na watoto waliotoka shuleni jana.

Wanaotaka kujipa moyo kuhusu umri hawana haja ya kutafuta mifano mbali. Dkt Njoroge Mungai alizaliwa Dagoretti, viungani magharibi mwa Nairobi, mnamo 1926. Alisomea Alliance High School, akaenda Chuo cha Fort Hare nchini Afrika Kusini, kisha akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Stanford, California, alikohitimu udaktari 1957 akiwa na umri wa miaka 31. Aliporejea aliendesha kliniki zake, mojawapo ikiwa Riruta, kabla ya siasa kumchukua. Baadaye alikuwa daktari wa Mzee Jomo Kenyatta, na baada ya uchaguzi wa 1963 akawa Waziri wa Afya na Makao.

Hata hivyo, mfano huo una mipaka yake. Enzi hizo kwenda nje hakukuwa na mbadala ila Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza 1924. Kenya haikuwa na kitivo cha udaktari hadi 1967, kilipoanzishwa kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta. Madaktari Waafrika walikuwa wachache mno, na aliyerejea na shahada alikuta kazi inamsubiri. Anayerejea leo hukuta foleni.

Foleni hiyo ndiyo inayolifanya swali la umri kuwa la hesabu zaidi kuliko la moyo. Chukua mfano wa afisa wa kliniki mwenye miaka 36 anayetaka kwenda Urusi. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha katika kitivo cha maandalizi. Kozi yenyewe ni miaka sita. Atakuwa na miaka 43. Kutafsiri na kuidhinisha vyeti, kusubiri kikao cha mtihani na kuufanya, huenda kukala miezi kadhaa au mwaka mzima, na zaidi akianguka. Kisha atasubiri kupangiwa hospitali ya uanagenzi, na uanagenzi wenyewe ni mwaka. Hivyo ni vigumu awe daktari kamili kabla ya miaka 45 au 46. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, tangu ulipoongezwa kutoka 55 mnamo 2009. Amebakiwa na miaka 14. Akitaka ubingwa, ambao humchukua daktari miaka minne au zaidi, atakuwa bingwa akiwa amekaribia au kupita miaka 50.

Miaka 14 si kidogo, na katika sekta ya kibinafsi hakuna kengele ya kustaafu. Daktari huendelea maadamu anahuisha leseni yake. Lakini miaka hiyo ni lazima ipimwe dhidi ya ile minane au tisa ya mshahara, nyongeza na malipo ya uzeeni iliyopotea. Wala ng'ambo si njia ya mkato, kama wengi wanavyodhani. Kozi ya Chuo Kikuu cha Nairobi huchukua miaka sita. Ya China ni sita. Ya India ni mitano na nusu, ikijumlisha mwaka wa uanagenzi wa huko. Njia fupi ya miaka minne ipo Marekani na Uingereza kwa waliokwisha kuwa na shahada nyingine, ila gharama zake ni za kutisha na nafasi za wageni ni haba.

Suala la uanagenzi limekuwa donda lenyewe. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari, KMPDU, ulitiwa saini baada ya mgomo wa siku 100. Serikali ilipotaka baadaye kupunguza malipo ya madaktari wanagenzi kutoka takriban Sh206,000 kwa mwezi hadi Sh70,000, chama hicho kiligoma tena kuanzia Machi 2024 kwa siku 56. Mzozo huo uliendelea hadi Desemba mwaka huo, serikali ilipokubali kurejea viwango vya 2017. Wakati wote huo mamia ya wahitimu, wa vyuo vya humu na vya nje, walikaa nyumbani wakisubiri kupangiwa vituo. Kijana wa miaka 25 anaweza kungoja nyumbani kwa wazazi. Baba wa watoto watatu mwenye miaka 44, ambaye amemaliza akiba yake, hangojei kwa urahisi huo. Na tangu huduma za afya zigatuliwe 2013, kuajiriwa baada ya uanagenzi hutegemea kwa kiasi kikubwa bajeti ya kaunti.

Fedha nazo zina hila zake. Ufadhili wa serikali ya China, ambao ajenti hupenda kuutaja, huwataka waombaji wa shahada ya kwanza wawe chini ya miaka 25. Ule wa serikali ya Uturuki huwataka wawe chini ya miaka 21. Kwa hivyo mwenye miaka 35 anayeambiwa kwamba "ufadhili upo" katika mipango hiyo anadanganywa, kwa kuwa masharti yenyewe huchapishwa hadharani. Vyuo kadhaa vya China vimeweka pia ukomo wa umri wa kupokea wanafunzi wa udaktari hata wanaojilipia.

Aliye mtu mzima, basi, mara nyingi hujilipia, na karo hutozwa kwa dola au kwa fedha za nchi husika. Mwanzoni mwa 2019 dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh101. Januari 2024 ilifika Sh160, kisha ikateremka hadi karibu Sh129 mwaka huo huo. Aliyepanga kulipa karo ya dola 5,000 kwa mwaka alianza kwa Sh505,000 na, kabla ya kuhitimu, akajikuta akitafuta Sh800,000 kwa karo ile ile. Chuo hakikuongeza hata senti. Bajeti isiyoacha nafasi ya mabadiliko kama hayo ni bajeti ya miaka mitatu iliyoandikwa jina la miaka sita.

Wengi hukopa kwenye Sacco ya kazini. Hapo yafaa kusema wazi jambo ambalo familia hulikwepa: mkopo huo hudhaminiwa na wenzake kazini, na anapoacha kazi mshahara uliokuwa ukikatwa hukoma. Wadhamini ndio watakaofuatwa. Vivyo hivyo, shamba likiuzwa, anayeuza si mwanafunzi peke yake bali pia mke au mume na watoto ambao hawatakuwa na pa kurudi mambo yakiharibika.

Na mambo huharibika, wakati mwingine bila kosa la mtu yeyote. Machi 28, 2020, China ilifunga mipaka yake kwa wageni kutokana na janga la Covid-19. Wanafunzi waliokuwa nje hawakuruhusiwa kurejea hadi Agosti 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili walisoma udaktari kwenye skrini, wengine wakiwa vyumbani mwao hapa Nairobi, na mafunzo ya wodini hayafundishiki kwa njia hiyo. Miezi sita kabla ya China kufungua, Februari 24, 2022, Urusi iliivamia Ukraine, na wanafunzi wa Kiafrika, Wakenya wakiwemo, wakakimbilia mipakani na mikoba mgongoni. Kijana anaweza kuanza upya katika nchi nyingine. Aliyeanza akiwa na miaka 38 hana miaka ya akiba.

Kuna kundi ambalo hesabu yake ni tofauti: Wakenya wanaoishi ng'ambo tayari, hasa wauguzi walioko Marekani, ambao hawanuii kurejea kufanya kazi nyumbani. Baadhi yao huvutiwa na vyuo vya visiwa vya Karibi, kama kile cha St George's kilichoko Grenada. Hao hawana haja na Woodlands Road kwa sasa, lakini wana foleni yao. Mhitimu wa nje ni lazima afaulu mitihani ya leseni ya Marekani kisha apate nafasi ya mafunzo ya hospitalini, na katika miaka ya karibuni, kati ya kila waombaji 10 wasio raia waliosomea nje ya nchi hiyo, takriban sita tu ndio wamekuwa wakipata.

Kwa aliyeko Nairobi, ipo njia ya kati ambayo haina bango Moi Avenue. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, na shahada za vyuo vilivyopita ukaguzi huo hutambuliwa kwa urahisi zaidi kuliko za mbali. Kampala na Dar es Salaam zinafikika kwa basi. Wagonjwa wa Dar husema Kiswahili, na magonjwa ni yale yale. Si vyuo vyote vya nchi jirani ambavyo vimepita, kwa hivyo hata hapo Baraza ni la kuulizwa kwanza. Vyuo vya humu nchini pia vimeongezeka mno tangu siku ambapo Nairobi na Moi vilikuwa peke yake, na vipo vinavyopokea maombi ya wenye diploma ya udaktari wa kliniki.

Njia nyingine ni ya kubaki katika taaluma aliyomo na kupanda. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kilichoko karibu na Hospitali ya Kenyatta na kilichoanzishwa 1927, hutoa diploma za juu kwa maafisa wa kliniki katika fani kama utoaji wa nusukaputi na matibabu ya watoto. Hospitali nyingi za kaunti haziwezi kufanya upasuaji hata mmoja bila afisa wa kliniki wa nusukaputi. Cheo hicho hakimpi mtu jina la daktari, na kwa wengine jina ndilo walilokuwa wakilitafuta tangu utotoni. Hilo hakuna anayeweza kumwamulia mwenzake. Lakini kozi hiyo haichukui miaka sita, na mwenye ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake hapotezi kazi.